Kila Homa Si Malaria, Kila Kipanya Kinachokwama Si Vairasi

Wadau, leo sina siasa. Au tuseme siasa yangu ya leo imeanzia mbali kidogo, kwenye kipanya. Namaanisha kile kidude cha kompyuta kisicho na waya, unachokisukuma mezani ili mshale utembee kwenye kioo. Changu kilianza kukwama. Nikakishughulikia kama tunavyoshughulikia mambo mengi nchi hii, yaani bila kupima, na kwa ajili hiyo nimepoteza kitu ambacho fedha hainunui. Nimekaa na hasira hii muda wa kutosha. Sasa naitoa.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikwenda Korogwe kuzungumza na mzee mmoja aliyekata mkonge miaka mingi, kabla na baada ya mashamba kutaifishwa mwaka 1967. Tulikaa mkekani siku mbili. Alinieleza namna walivyohesabu mafungu ya majani, nani alikuwa akidhulumiwa na nani, na nyimbo gani waliimba kumsema msimamizi bila yeye kujua kwamba anasemwa. Nikarudi Dar na mafaili saba ya sauti. Nikayaweka kwenye kompyuta yangu ya mpakato, nikayafuta kwenye kinasa sauti ili nipate nafasi ya kazi nyingine. Najua, najua, msinipige mawe bado.

Jioni moja nikachomeka diski ya nje, ile tunayoiita eksteno, ili ninakili akiba. Hapo hapo kipanya kikaanza vituko. Nasukuma, mshale hautembei. Nasubiri, unaruka hadi kona nyingine ya kioo. Nabofya faili hili, linafunguka lile. Nikavumilia, nikachoka, nikasimamisha kunakili katikati, nikachomoa diski na kufunga mashine. Kesho yake asubuhi niko Kariakoo kwa fundi.

Fundi aliniuliza swali moja tu: "Inasumbuaje?" Nikamwambia kipanya kinakwama kwama. Hakuwasha mashine. Hakukichomeka hicho kipanya. "Kaka, hiyo vairasi. Tunapiga Windows mpya, jioni unachukua ikiwa kama imetoka dukani." Halafu, tumtendee haki, akaongeza: "Vitu vyako umeshatoa?"

Nami, mwandishi wa habari, mtu ambaye mkate wake unatokana na kuuliza watu maswali, nikajibu haraka haraka: "Nimeshatoa." Nilikuwa nawahi mkutano na waandishi.

Jioni nikapewa mashine safi kweli kweli. Juu yake nikauziwa na kipanya kipya, "kwa usalama", shilingi elfu ishirini na tano. Nyumbani nikafungua diski, nikakuta mafaili matatu. Manne hayakuwahi kufika. Programu za kurejesha mafaili zilinirudishia picha za harusi ya binamu yangu na nyimbo ambazo hata sizipendi tena. Yale manne hayakurudi.

Na kipanya kipya je? Siku niliyochomeka ile diski tena, kikakwama vile vile.

Hapo ndipo nilipofanya kile nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nikachomoa diski, kipanya kikatembea. Nikachomeka, kikakwama. Nikarudia mara tatu, jibu likawa lile lile. Kisha nikachukua kipokezi, kile kipande kidogo kama ukucha kinachokaa kwenye tundu la USB, nikakihamishia upande wa pili wa mashine, mbali na diski. Tatizo likaisha. Ilinichukua dakika tano na sikulipa hata senti.

Sasa naomba tuelewane, maana hapa hakuna uchawi. Kipanya cha kwanza kabisa, alichokibuni Douglas Engelbart na kuundwa na Bill English huko California mwaka 1964, kilikuwa cha mbao na kilikuwa na waya. Hivi vya leo waya umeondolewa, hewa ndiyo imekuwa waya. Vingi vinazungumza na kipokezi chao kwa mawimbi ya redio yaliyo kati ya megahezi 2,400 na 2,483.5, ambayo kwa kifupi tunayaita masafa ya gigahezi 2.4. Humo humo ndimo zilimo Bluetooth, ruta nyingi za waifai, na hata tanuri la maikrowevu jikoni. Ni daladala moja, abiria wengi.

Diski yangu nayo ni ya USB 3.0, teknolojia iliyotangazwa mwaka 2008. Data zinapopita humo kwa kasi kubwa, sehemu ya nguvu yake huvuja hewani kama kelele ya redio, na sehemu ya kelele hiyo huangukia kwenye hayo hayo masafa ya 2.4. Kampuni ya Intel ilichapisha waraka juu ya jambo hili Aprili 2012. Walipima na kukuta kwamba diski ya namna hiyo ikichomekwa, kelele kwenye masafa hayo hupanda kwa karibu desibeli 20, ambazo ukizigeuza kuwa nguvu ni karibu mara mia. Fikiria unanong'onezwa jambo huku jirani yako amewasha jenereta. Kipanya kinanong'ona, jenereta inanguruma sentimita mbili kutoka sikioni kwa kipokezi. Taarifa zinapotea njiani, mshale unasimama. Zikifika mbili tatu kwa mkupuo, mshale unaruka. Hiyo ndiyo "vairasi" yangu.

Kwa hiyo kazi iliyokuwa inaniokoa, ile ya kunakili sauti za mzee, ndiyo iliyokikwamisha kipanya. Nikaisimamisha ili niende kutibu ugonjwa ambao haukuwepo, na dawa ya huo ugonjwa ikaua kile nilichokuwa nakiokoa. Msomaji wangu, ukitaka kucheka cheka. Mimi nimeshindwa.

Sasa tuseme ukweli. Sisi vijana tuliosoma, tunaokaa mjini, tunapenda sana kuwacheka watu wa vijijini. Mtu akiugua, wao wanasema amerogwa, sisi tunatikisa kichwa na kusikitikia "ujinga". Lakini kompyuta ikikwama tunasemaje? Vairasi. Ikiwa nzito, vairasi. Ikizima yenyewe, vairasi. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyempima, hatujui aliingia lini wala anafanya nini humo ndani, lakini tunamlipa mtu amtoe. Tofauti yetu na yule tunayemcheka iko wapi? Yeye walau analipa kuku. Mimi nililipa fedha na mafaili manne.

Nchi hii tumewahi kuishi na ugonjwa wa aina hii hospitalini. Kila homa ilikuwa malaria. Ukiingia na joto unatoka na vidonge, hata kama homa yako ni ya mkojo au ya mapafu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo atibiwe. Leo tone la damu kidoleni na dakika zisizozidi nusu saa zinatosha, na hakuna anayeona ajabu kuambiwa "huna malaria, tutafute kingine." Kwa nini basi kwenye mashine zetu bado tuko kwenye enzi za vidonge kwa kila homa?

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa fundi anaishi kwa siku, ana foleni, hana muda wa kuchunguza kipanya cha mtu. Sikatai. Lakini kupiga Windows upya kunachukua saa nzima na zaidi, na kuchomeka kipanya kwenye tundu jingine kunachukua nusu dakika. Tatizo la hapa si muda. Kupiga Windows kuna bei inayojulikana, na kupima hakuna bei. Hakuna mteja anayekubali kulipa elfu tano aambiwe "mashine yako nzima, hamisha tu hiki kidude." Tutasema tumeibiwa. Sisi wateja ndio tuliomfundisha fundi kwamba kufikiri hakulipwi, kinacholipwa ni kuonekana umefanya kitu kikubwa. Mimi siku ile nilitaka kuona kitu kikubwa kimefanyika, nikapewa.

Watengenezaji nao wasijifiche nyuma yetu. Jambo hili liko kwenye maandishi tangu 2012. Lakini boksi la kipanya changu lina karatasi yenye lugha zaidi ya kumi, Kiswahili hakimo, na hata hizo zilizomo hazisemi neno moja kuhusu jirani anayekaa tundu la pembeni. Kompyuta yenyewe matundu mawili ya kushoto yamebanana kama mapacha. Sentensi moja ingetosha: kaa mbali na diski. Hawakuiandika, kwa sababu kipanya kikikwama watu wananunua kingine.

Mimi nimeapa sitanunua kingine kabla ya kupima, na nawaombeni nanyi muape. Utaratibu wangu ndio huu. Kabla ya yote, nakili vitu vyako mahali pawili, hata kama kipanya kinakuudhi namna gani. Baada ya hapo gusa ile padi ya kugusa ya kompyuta. Kama nayo inakwama, kipanya hakina kosa. Mashine imezidiwa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone ni programu gani inayokula nguvu. Kama padi inateleza vizuri, rudi kwenye kipanya. Badilisha betri. Kiweke juu ya karatasi nyeupe, maana vingi vinapata taabu kwenye meza ya kioo au inayong'aa. Kijaribu kwenye kompyuta ya rafiki. Kikifanya kazi vizuri huko, basi kipanya ni kizima na shida iko kwako.

Hapo chomoa majirani mmoja mmoja, diski, flashi, kila kitu, uone ni yupi mwenye makelele. Hamisha kipokezi kwenda upande mwingine, au kwenye tundu la USB ya zamani. Mara nyingi, ingawa si kila mashine, lile lenye plastiki ya buluu ndani ndilo la 3.0. Huna tundu jingine? Waya mfupi wa kurefusha USB unakisogeza kipokezi mbali na kelele. Kama ruta yako ina masafa ya gigahezi 5, hamishia waifai huko uipunguzie 2.4 msongamano. Na kama kipanya kinalala ukikiacha kidogo kisha kinaamka kwa kusuasua, nenda kwenye Device Manager ya Windows, mahali pa kusimamia nguvu za matundu ya USB, uondoe alama ya ruhusa inayoiacha kompyuta izime kifaa ili kubana umeme. Badili jambo moja kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Ukibadili matano kwa pamoja hutajua lipi limekuponya.

Yote hayo hayafiki nusu saa, na hakuna hata moja linalofuta faili lako. Ukimaliza yote bila nafuu, hapo nenda kwa fundi, umweleze ulichokwisha kupima. Na akikupimia, mlipe kwa kupima.

Nilirudi Korogwe. Mzee yu hai, namshukuru Mungu, na alinipokea vizuri. Nikamweleza kwamba sauti zimepotea, nikamwomba tuanze upya. Alinitazama kwa muda. "Mjukuu wangu, hayo si tulishayamaliza?"

Hakunifukuza. Alinisimulia tena, lakini yaliyochukua mchana mzima mara ya kwanza yalikwisha kwa robo saa. Nilipomuuliza kuhusu zile nyimbo za kumsema msimamizi, alisema walikuwa wakiimba tu, kupitisha muda. Mara ya kwanza aliniimbia tatu. Nilikuwa nazo kwenye faili la tano.

Naomba kuwasilisha.