Barabara Ipite, Ujuzi Ubaki

Ipole, katika Wilaya ya Sikonge, Mkoa wa Tabora, ni njia panda. Barabara moja yaendelea Koga na Mpanda. Nyingine yashika kusini kuelekea Rungwa na Chunya, hata Mbeya. Mwaka 2022 barabara ya lami ya Tabora–Koga–Mpanda, yenye urefu wa karibu kilomita 343, ilizinduliwa. Ile ya Ipole–Rungwa, ya kilomita 172, imetajwa mara nyingi katika mipango ya Serikali. Wananchi wanashangilia lami, na wanayo haki ya kushangilia. Lakini liko swali ambalo kila mpenda maendeleo hana budi kuliuliza: mitambo ikisha kuondoka, kijana aliyebeba kokoto na kuchanganya zege miaka miwili au mitatu abaki na nini mkononi?

Nchi hii si ngeni katika kazi za njia. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilifika Unyanyembe, na kutoka hapo njia moja ilishuka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo. Ndiyo aliyoishika Stanley mwaka 1871 alipokwepa vita vya Mirambo. Hatuisifu biashara ile, kwa maana ilibeba pia watumwa. Lakini upagazi wa Mnyamwezi ulikuwa ufundi. Mtoto alianza na kipande kidogo cha pembe, akakua safarini, akajua maji yalipo na hongo inavyotolewa, na aliyestahili akawa kirangozi. Kazi yenyewe ilikuwa shule, na watu walimtambua aliyehitimu.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mambo yaligeuka. Mwenyeji alitakwa zaidi kwa nguvu za mabega yake, na ufundi mkubwa ukabaki kwa mgeni. Desturi hiyo mbaya haikufa pamoja na ukoloni. Bado husikika, kila penye ujenzi mkubwa, kwamba wenyeji ni vibarua na mafundi watatoka mbali.

Makandarasi husema mafundi hawapatikani. Vijana wenye vyeti husema kazi hazipatikani. Kwa maoni yetu wote wawili wasema kweli, na hapo ndipo ilipo kasoro. Ujenzi wa barabara huenda kwa hatua. Kwanza ni upimaji na kufyeka, kisha udongo na ushindiliaji, kisha makalavati na madaraja, halafu kokoto, lami na alama. Kila hatua yataka mafundi wake: mwendesha greda, mwashi, mfunga nondo, seremala wa kutengeneza fomu za zege, mchomeleaji, fundi wa mitambo, mpimaji wa udongo katika maabara. Kila hatua hudumu kwa miezi tu. Chuo kikianza kufundisha siku mitambo inapowasili, mwanafunzi atahitimu wakati kazi yake imekwisha kupita. Naye mkandarasi, aliyefungwa na tarehe za mkataba, hawezi kumngoja.

Vyombo vya kuondoa kasoro hii vipo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Waajiri hutozwa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilipunguzwa kutoka asilimia 4 ya mishahara hadi 3.5. Sikonge kwenyewe kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Mbeya, mwisho wa ile njia inayoanzia Ipole, yamefundishwa kwa miaka mingi mafunzo ya kujenga barabara kwa nguvu kazi. Tena sera ya elimu iliyozinduliwa Januari 2025 imeupa mkondo wa amali nafasi yake katika shule za sekondari. Kinachokosekana ni kamba ya kuvifunga vyombo hivi na kazi zenyewe.

Kamba hiyo iliwahi kufungwa. Reli ya Uhuru, TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Maelfu ya Watanzania na Wazambia walifanya kazi bega kwa bega na mafundi wa Kichina, na wengi walijifunza papo hapo. Isitoshe, mwaka 1972, reli ingali inajengwa, kiasi cha vijana 200 wa nchi hizi mbili walipelekwa Peking kusomea uendeshaji wa reli. Wengi wao walihitimu mwaka 1975, mwaka ule ule njia ilipokamilika. Haikuwa bahati. Mafunzo yalipangwa pamoja na mataruma.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, kabla ya zabuni kutangazwa, orodha ya mafundi watakaotakiwa na miezi watakayotakiwa ifikishwe kwa vyuo vya mkoa, ili mafunzo yatangulie kazi. Pili, mafunzo yaandikwe katika mkataba pamoja na bei yake, yakaguliwe na kulipwa kama yanavyokaguliwa na kulipwa makalavati. Jambo linaloombwa kwa hisani huachwa siku fedha zinapopungua. Tatu, kambi isifungwe kabla wakaguzi wa VETA hawajafika. Utaratibu wa kupima na kuthibitisha ujuzi uliopatikana kazini upo tayari. Basi aliyejifunza kuendesha mtambo apimwe na apewe cheti chake, mwanamke sawa na mwanamume.

Watakuwapo watakaosema kwamba hayo yataongeza gharama. Ni kweli, yataongeza. Lakini barabara haimaliziki siku ya kukata utepe. Mitaro huziba, mvua hula kingo, mashimo hutokea, na kila mwaka fedha za umma hulipa matengenezo. Mwashi na mfunga nondo aliyehitimu barabarani ndiye pia atakayejenga zahanati na madarasa ya kijiji. Asipofundishwa sasa, tutamwagiza kutoka mbali baadaye, na kumlipa kwa bei ya ugeni.

Wafanyakazi nao wana wajibu. Chama chao katika kazi za ujenzi, TAMICO, kisiishie kudai mshahara na viatu vya usalama. Kidai pia mafunzo na vyeti katika mikataba ya hali bora. Nao viongozi wa vijiji, mkandarasi anapokuja kujitambulisha, wasiulize tu atachukua vibarua wangapi. Waulize ataacha mafundi wangapi, na jibu liandikwe.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Barabara ya Ipole–Rungwa na ipimwe kwa neno hilo: kilomita 172 za lami, na mafundi wa Sikonge wenye vyeti waliozijenga.