Sarafu za Kale Haziko Salama Ndani ya Plastiki Laini

Miongoni mwa wakusanyaji wa sarafu za kale, imani iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba sarafu ikishatiwa ndani ya kifuko cha plastiki laini na angavu imesalimika, kwa kuwa vidole haviigusi, vumbi haliifikii, na mwenyewe aiona vizuri pande zote mbili. Imani hiyo ni potofu, na hasara yake yapita ile ya vumbi na vidole, kwa sababu plastiki inayopendwa kwa ulaini wake ndiyo hasa inayoila sarafu mwaka hata mwaka.

Vifuko vingi vya aina hiyo hutengenezwa kwa polivinili kloridi, yaani PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji, ambayo kwa asili ni ngumu na hukunjika tu baada ya kuchanganywa na vilainishi, yaani kemikali za majimaji mazito zinazopenya ndani yake. Vilainishi hivyo havifungamani na plastiki kwa kifungo cha kikemia, hivyo huchomoza taratibu hadi juu na kuipaka sarafu utando unaonata. Plastiki yenyewe nayo, inapozeeka kwa joto na mwanga, hutoa kloridi ya hidrojeni, gesi ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi, na asidi hiyo huishambulia shaba na kuacha uchafu wa kijani ambao, ukiachwa, huchimba metali.

Wanaoitetea imani hii hudai kwamba sarafu zao ni za fedha na kwa hiyo hazina la kuogopa. Dai hilo halina msingi, kwa maana fedha ya sarafu ni nadra kuwa fedha tupu: riale ya Maria Theresa yenye tarehe ya 1780, iliyozunguka kwa vizazi vingi Omani na pwani ya Afrika Mashariki, ina sehemu 833 za fedha kati ya 1000, na karibu yote iliyosalia ni shaba; shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, iliyoanza kutolewa mwaka 1921, ilikuwa na robo tu ya fedha. Ikiwa hizo zina shaba ya kutosha kuugua, basi pesa za shaba za Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar, zenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, hazina kinga yoyote.

Kosa hili limedumu kwa sababu madhara huja polepole, na yanapoonekana lawama hutupiwa hewa ya bahari. Ni kweli kwamba chumvi na unyevu wa pwani huidhuru shaba, lakini hewa haiachi utando unaonata. Kunata huko ni ushahidi wa kilainishi, na joto la Mombasa au Unguja huharakisha tu kazi ambayo plastiki imekwisha kuianza.

Ung'avu nao si kipimo cha usalama. Polietilini, ambayo ni salama, mara nyingi huwa na ukungu kidogo, na kwa sababu hiyo hudharauliwa, ilhali PVC hung'aa na kusifiwa. Polipropilini, akriliki ya vibweta vigumu na poliesta pia zafaa, ingawa poliesta ni kavu na yenye kingo kali, hivyo sarafu haipaswi kusuguliwa inapoingizwa.

Mnunuzi si lazima aamini neno la muuzaji. Harufu kali ya plastiki mpya ni dalili ya kwanza. Kipande kidogo kikizamishwa majini na mapovu yakaondolewa, polietilini na polipropilini huelea, ilhali PVC huzama. Lakini poliesta pia huzama, kwa hiyo kuzama peke yake si hukumu. Jaribio la uhakika zaidi ni lile linaloitwa kwa jina la mwanakemia Beilstein: waya wa shaba huchomwa hadi mwali usiwe na rangi, huguswa kwenye plastiki ungali moto, kisha hurudishwa motoni, na mwali ukigeuka kijani kibichi klorini ipo. Moshi wake ni sumu, hivyo jaribio hilo hufanywa nje, kwa kipande kidogo sana, mbali na sarafu zenyewe.

Sarafu iliyokwisha kupakwa utando yaweza kuokolewa ikiwahiwa, kwa kulowekwa katika asetoni safi ndani ya chombo cha kioo, mahali penye hewa na pasipo moto, bila kusuguliwa. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai, kwa kuwa mara nyingi huwa na mafuta na manukato, na sarafu sharti ikauke kabisa kabla ya kurudishwa kwenye kibweta cha akriliki, maana asetoni huiyeyusha plastiki hiyo. Asetoni huondoa utando, lakini haiwezi kurudisha metali iliyokwisha kuliwa. Kwa hiyo muuzaji anayeuza vifuko pasipo kutaja vimetengenezwa kwa plastiki gani anamwuzia mteja hasara, na mteja ana haki ya kukataa kununua hadi atajiwe.