Mafuta ya Taa Hayaazimwi Usiku wa Manane



Katika mikutano yetu husikika mara nyingi neno hili: "Sina nafasi." Kijana hana nafasi ya kusoma Injili, ya kuungama, wala ya kumtembelea mgonjwa wa shirika lake. Kisha hufuata neno lingine: "Tungojee." Tungojee vita viishe, masomo yamalizike, kazi ipatikane, ndipo tutakapomtumikia Mungu vizuri. Kwa maoni yangu, neno hili la pili lina hatari kuliko la kwanza. Amani ya nchi yetu ya mashariki imengojewa tangu wengi wenu hamjazaliwa. Anayeahirisha imani yake hadi siku ya utulivu anaweza kuzeeka akiwa angali mlangoni.

Tumtazame mwenzetu mmoja. Mwenye heri Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Mwaka 2007 alikataa rushwa iliyokusudiwa kupitisha chakula kilichoharibika ili kiuzwe kwa watu. Aliuawa mwezi wa Julai mwaka ule ule, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye heri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo.

Wengi hustaajabia siku ile alipokataa. Mimi nastaajabia zaidi siku zilizoitangulia. Floribert alikuwa mwanachama wa jumuiya ya Sant'Egidio. Alisali pamoja na wenzake, na sehemu ya saa zake aliwapa watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo. Saa hizo hazikuonekana kuwa na ushujaa wowote. Hata hivyo, naamini kwamba ndizo zilizomtayarisha. Mtu aliyezoea kuketi na mtoto mwenye njaa hawezi kusahau kwamba chakula kibovu kitaingia katika tumbo la mtu fulani. Fedha ilipowekwa mbele yake, jibu lilikuwa limekwisha kukomaa moyoni.

Bwana wetu alitufundisha jambo hilo kwa mfano wa wanawali kumi, katika sura ya 25 ya Injili ya Matayo. Wote kumi walisinzia, na wote waliamshwa na mwito mmoja. Tofauti yao haikuanza usiku wa manane. Ilianza mapema, wengine walipochukua mafuta ya akiba na wengine wakaona haina haja. Imani nayo ndivyo ilivyo. Siku ya jaribu hatuwezi kuazima sala ambazo hatukusali, wala uaminifu ambao hatukuuzoea.

Tuseme pia ukweli juu yetu sisi wenyewe. Yuko kijana ambaye juma lake limejaa mambo ya parokia: mazoezi ya kwaya, mkutano wa kamati, mchango wa sare, matayarisho ya sikukuu. Hayo yote ni mema. Lakini huenda tangu Pasaka hajakaa kimya mbele ya Mungu hata dakika kumi. Kushughulika kanisani si lazima kuwe kukua katika imani. Kwa hiyo sitashauri mkutano mwingine mpya.

Mtu ataniuliza: Je, yule dada anayebeba bidoni ya maji tangu alfajiri, au kaka anayeendesha pikipiki hadi usiku ili nduguze wale, naye wakati wake autoe wapi? Swali hilo ni la haki, na tusimtwike mtu huyo mzigo wa lawama. Saa nyingi za maisha yake tayari ni sadaka ya upendo. Anachohitaji ni kuitambua na kuitolea: Baba Yetu moja anapoinua bidoni, Malaika wa Bwana kengele inapolia saa sita mchana. Mungu hapimi urefu wa wakati wetu kama mfanyabiashara apimavyo kitambaa.

Lakini sisi ambao tunapata fedha ya kununua mega na kupitisha jioni nzima tukitazama simu, tusijifiche nyuma ya yule dada. Dakika 15 kila siku ni zaidi ya saa 91 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, dakika 15 za asubuhi pamoja na Injili ya siku, kabla ya kufungua simu. Pili, saa moja kila juma kwa mtu asiyeweza kuturudishia: mgonjwa, mkimbizi, mtoto wa barabarani. Tatu, kila Jumamosi jioni tujiulize mbele ya Mungu: juma hili nimempa nani wakati wangu, na nani ameniibia?

Wapendwa, Floribert hakupewa uzee. Alipewa miaka 26, na hakungojea nchi itulie ndipo awe mkristo mwaminifu. Sisi nasi hatujui tumebakiziwa siku ngapi, ila leo tunayo. Tuijaze mafuta taa yetu kungali mchana.

Mwenye heri Floribert, utuombee.