Bunduki kubwa, mnyama mdogo: kuhusu risasi za kujaza mwenyewe

Tangu mwaka 2017, mtaa wa utamaduni wa Katara hapa Doha umekuwa na maonyesho ya S'hail, maonyesho ya uwindaji na kozi ambayo kwa kawaida hufanyika mwezi Septemba. Wenyeji huyaendea kwa ajili ya kozi khasa, kwani uwindaji wa Ghuba ni wa ndege kwanza na bunduki baadaye. Lakini ndani ya kumbi hizo zimo pia bunduki, zinazouzwa kwa kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Qatar, na sisi Waafrika Mashariki tunaofanya kazi katika mji huu aghlabu hukutana mbele ya vioo hivyo na kuanza mjadala ule ule: kwa nguruwe mwitu wanaomaliza mihogo ya wazee huko nyumbani, na kwa kulungu wa leseni, bunduki gani inafaa? Jibu linalotolewa karibu kila mara ni ile kubwa kuliko zote. Sisi tunaona jibu hilo si sahihi, na hasara yake haiishii kwenye mfuko wa mnunuzi.

Hapana budi kwanza tuelewane kuhusu wanyama. Ndugu zetu walioko Marekani wanapozungumzia mnyama wao mwenye pembe za matawi, wanazungumzia mnyama ambaye kwetu hayupo kabisa; wa jinsi hiyo mwenye asili ya Afrika ni wa kaskazini mwa bara tu, na wafasiri wa Biblia walilazimika kumwita ayala ili wapate neno. Sisi tuna kulungu, na dume lake lina uzito wa kati ya kilo 40 na 80. Nguruwe mwitu wetu mara chache huzidi kilo 100. Nyati dume, kwa upande mwingine, hufikia kilo 700 na zaidi. Mtu anayetaka bunduki moja kwa wote watatu anataka shoka la kukatia mbuyu na kitunguu pia.

Sababu ya mtazamo huu inafahamika. Nchini Tanzania anayewinda wanyama wa hatari kama vile nyati na tembo anatakiwa atumie risasi isiyopungua kipenyo cha .375. Risasi hiyo ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na kwa zaidi ya miaka mia moja imekuwa ndiyo risasi ya Afrika inayoaminika kuliko zote. Hatuna ugomvi nayo. Kichwa chake cha gramu 19 hutoka kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde, na kina nguvu ya takriban jouli 5,800, ambapo ile ya .30-06 ya tangu mwaka 1906 ina jouli 4,000 hivi. Kwa nyati tofauti hiyo ni uhai wa mwindaji. Kwa kulungu ni kelele tu, kwani kichwa kigumu kilichotengenezwa kwa ajili ya nyati hupenya mwili mdogo kabla hakijafunguka, hutoka upande wa pili na kuendelea na safari yake, na huko upande wa pili, katika vijiji vyetu, kuna shamba la mtu mwingine.

Fauka ya hayo kuna teke. Bunduki kubwa humpiga mpigaji begani, na aliyepigwa mara mbili tatu huanza kufumba macho kabla hajavuta. Huyo ndiye anayejeruhi mnyama bila kumuua. Nguruwe mwitu aliyejeruhiwa akaingia kichakani ni hatari kwa mbwa na kwa kijana anayetumwa kumfuata, na mara nyingi anayetumwa si mwenye bunduki.

Watetezi wa bunduki ndogo hupenda kumtaja W.D.M. Bell, Mskochi aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua tembo zaidi ya elfu moja katika maisha yake, wengi wao kwa risasi ya milimita 7. Mfano huo nao tunaushuku. Bell aliwapiga tembo ambao walikuwa bado hawajazoea bunduki, kwa shabaha ambayo watu wachache duniani wamewahi kuwa nayo, na alijua mahali ulipo ubongo wa tembo kwa kila upande aliosimama. (Kuhusu kuwaua tembo elfu moja, hilo tuliache kwa siku nyingine.) Anachothibitisha Bell ni kwamba mahali risasi inapoingia ni muhimu kuliko ukubwa wake. Hathibitishi kuwa kila mtu anaweza.

Swali linalojitokeza hapa ni kwa nini basi ndugu zetu wa Ohio na Michigan wanatushauri tununue vipenyo vikubwa kama .45-70. Jibu ni kuwa sheria za huko zimewasukuma. Katika majimbo kadhaa ya kati ya Marekani, ambako ardhi ni tambarare na nyumba ziko karibu, mwindaji alizuiliwa raifoli za kawaida kwa kuhofia risasi zinazoruka mbali. Baadaye, Ohio na Michigan zikiwemo mwaka 2014, akaruhusiwa zile zenye ganda lililonyooka, ambazo nyingi ni nene, nzito, na huanguka mapema. Aidha Marekani ina nguruwe wa porini zaidi ya milioni 6, wa asili ya nguruwe wa kufugwa waliotoroka na wale wa Ulaya walioletwa kwa uwindaji, na vita dhidi yao vimekuwa biashara kamili. Risasi ya .45-70 ambayo jeshi lao liliianza mwaka 1873 imepata ujana mpya kwa njia hiyo. Ni chaguo la busara pale Columbus. Kulihamishia Kilwa bila ya sababu yake ni kuazima kanzu ya mtu mrefu.

Sasa tuje kwenye kujaza mwenyewe, kwani hapo ndipo ushauri wa ndugu zetu unapokuwa mzuri na wa hatari kwa wakati mmoja. Mwindaji wa Marekani halitupi ganda lililokwishapigwa. Hulisafisha, hulirudisha kwenye umbo lake kwa mashine ndogo ya mkono, hubadilisha fataki, hupima baruti kwa mizani na kushindilia kichwa kipya. Faida si bei peke yake. Anaweza kuishusha bunduki kubwa ikawa pole: baruti kidogo kwa kufuata kitabu, kichwa laini, mwendo wa chini, teke dogo, na nyama isiyoharibika. Hii ndiyo sababu pekee ya maana ya mtu wa kulungu kumiliki kipenyo kikubwa.

Lakini kitabu hicho kina kurasa ambazo msomaji wa haraka huziruka. Vipimo vya .45-70 huandikwa katika ngazi tatu: moja ya bunduki dhaifu za mtindo wa 1873, moja ya zile za mkono wa chini kama Marlin, na moja ya zile imara kama Ruger No. 1. Ganda ni lile lile na kichwa ni kile kile, ila kipimo cha ngazi ya tatu kikiingia katika bunduki ya ngazi ya kwanza mtutu unaweza kupasuka usoni pa mwenyewe. Na kuna suala la joto, ambalo sisi wa Doha hatuhitaji kufundishwa. Baruti nyingi huongeza nguvu zinapopata joto. Waingereza walilijua hilo zamani, wakapunguza baruti katika risasi walizopeleka India na Afrika, na Rigby alipotoa .416 yake mwaka 1911 aliipa ganda pana kusudi msukumo usipande sana katika nchi za joto. Anayejaza risasi majira ya baridi huko Ulaya, kisha akaiacha ndani ya gari kwenye jua la Dodoma, anapiga risasi nyingine kabisa na ile aliyoipima. Hata viwanda vimewahi kushindwa: .458 ya Winchester ya mwaka 1956 ilikuwa na ganda fupi lililoshindiliwa baruti hadi ikashikamana, na wawindaji wa Afrika wakalalamika miaka mingi kuwa baadhi ya risasi hazikufika kasi iliyoandikwa kwenye boksi.

Ajabu ni kwamba kujaza mwenyewe si jambo geni kwetu. Gobore ni nini kama si hilo? Baruti hutiwa kwa kukadiria, hushindiliwa kwa kijiti, hufuatiwa na marisau, goroli au vipande vya nondo, kisha fataki. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingie kwa wingi katika sehemu kubwa ya Afrika, huku ukiacha mlango kwa zile za kushindilia, na athari yake ingali inaonekana vijijini mwetu. Mkulima anayelinda mahindi yake kwa gobore anafanya kazi ya mjazaji wa Ohio bila ya mizani, bila ya kitabu na bila ya mtutu uliopimwa. Wapo waliopoteza vidole na macho. Hawa ndio wanaohitaji kusaidiwa kwanza, sio sisi tunaochagua mbele ya vioo vya Katara.

Baadhi ya wenzetu wanataka serikali ziruhusu kila mwenye leseni ajaze risasi nyumbani. Hapo tunatofautiana nao. Katika nchi zetu kutengeneza risasi bila ya idhini ni kosa la jinai, na sheria hiyo ina sababu. Hesabu ya tembo wa Tanzania ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, na miongoni mwa silaha zilizokamatwa kwa majangili zilikuwemo raifoli hizi hizi kubwa za uwindaji. Mlango wa risasi za vipenyo vikubwa ukiachwa wazi, wa kwanza kupita hatakuwa mkulima wa mihogo. Na nchini Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, mjadala huo hauna hata pa kuanzia.

Tunachokiona kuwa cha haki ni kingine. Tanzania ina Shirika la Mzinga huko Morogoro, lililo chini ya jeshi, lenye ujuzi wa kutengeneza risasi. Liombwe litengeneze risasi pole, zenye kichwa laini, kwa vipenyo ambavyo wawindaji wa leseni tayari wanavyo, na marisau mazito ya shotigani kwa ajili ya walinzi wa mashamba, na ziuzwe kwa kuonyesha leseni na kurudisha maganda. Kurudisha maganda kuna maana: ganda lililohesabiwa halijazwi kwa siri. Tangu kanuni za mwaka 2020 zilizofungua njia ya bucha za nyamapori, uwindaji halali umepata soko la wazi, na soko hilo linahitaji risasi inayoua bila ya kuharibu nusu ya nyama. Mwenye gobore naye apewe muda wa kuisalimisha na kupata shotigani ya kijiji kwa masharti, badala ya kusubiri akamatwe au alipukiwe.

Na kwa ndugu zetu wa huku wanaojiandaa kwa likizo, tunawakumbusha kuwa baruti na fataki haziruhusiwi kabisa katika mizigo ya abiria wa ndege, ziwe zimefungwa vipi. Zinazokubaliwa ni risasi kamili za michezo na uwindaji, kwa ridhaa ya shirika la ndege na zisizozidi kilo 5 kwa abiria, na bunduki yenyewe inahitaji kibali cha nyumbani kabla hujafika kaunta. Aliyeombwa na mjomba amletee "vifaa vya kujazia" amjibu mapema kwamba haviji. Kama mjomba ana leseni na anataka raifoli ya kulungu na nguruwe, .30-06 au .308 yenye kichwa laini inamtosha, na fedha zitakazobaki anunue boksi tatu za risasi za kiwanda na akazimalize zote kwenye uwanja wa shabaha kabla ya kuingia porini.