MWALIMU WA WATOTO WADOGO



Katika kiwanja kimoja cha shule ya serikali utawakuta waalimu wawili, mmoja afundisha watoto wa miaka 6, mwenziwe watoto wa miaka 5. Wa kwanza ameandikwa na Tume ya Waalimu, na kipimo cha mshahara wake ni kimoja nchi nzima. Wa pili ameandikwa na kaunti, naye hulipwa kama kaunti yake ilivyoamua, na wengi wao ni kwa mkataba wa muda tu. Kengele yao ni moja.

Mpango huu watoka katika Katiba ya 2010. Jedwali la Nne lilizipa kaunti 47 masomo ya kabla ya shule ya msingi, pamoja na mahali pa kulelea watoto. Shule ya msingi ikabaki kwa Serikali Kuu. Hatusemi ni vibaya. Zamani mzigo ulikuwa wa wazazi, wao walijenga na wao walimlipa mwalimu kwa karo. Hata mwaka 2003 shule ya msingi ilipofanywa bure, nasari iliachwa nje, na wazazi wengine wakawapeleka watoto moja kwa moja darasa la kwanza ili kuokoa pesa. Tangu 2013 kaunti zimejenga madarasa mengi. Walakini darasa hujengwa mara moja, na mshahara ni wa kila mwezi. Wakubwa hupenda kukata utepe mlangoni. Bado hatujamwona anayeukatia utepe mshahara.

Tena kuna watoto wa chini ya miaka 4. Sheria ya Kazi ya 2007 yampa mama likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba majuma 2. Baada ya hapo mtoto huachwa kwa nyanya, ama kwa yaya, ama kwa mama wa jirani aliyejaza watoto katika chumba kimoja cha mabati. Sisi wa reli twaijua zamu ya usiku, na saa hiyo hata huyo jirani amefunga mlango.

Wengine watasema haya ni mambo ya kina mama. Mwenye kulipa yaya hulipa kutoka mshahara ule ule tunaoupigania.

Basi twataka kaunti zote ziwe na kipimo kimoja cha mshahara kwa waalimu hawa, na kazi ya kudumu. Na kwa kuwa Sheria ya Afya ya 2017 imekwisha kumwamuru mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea, matawi yadai katika mapatano yajayo chumba cha kulelea pia. Kila katibu wa tawi aandike wanachama wenye watoto wa chini ya miaka 4, wanawaacha wapi na kwa shilingi ngapi, alete hesabu hiyo kabla ya mkutano mkuu.