Aliyeonja Arosto Ndiye wa Kutumwa Maskani

Tangu Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili inawapa waraibu wa heroini methadoni, dawa ya kunywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Lakini dawa haina miguu. Teja aliyezoea kukimbizwa na polisi haendi kliniki kwa sababu ya bango. Huenda akifuatwa maskani, kijiweni kwa mateja, na mwenzake aliyeonja arosto, yale mateso ya kukosa heroini, anayejua nani wanachangia sindano na nani hajaonekana tangu juzi. Kazi hiyo daktari haiwezi, na si aibu yake. Ndiyo maana wenzao hao, waelimishaji rika, wanastahili mshahara, si nauli na fulana.

Wapo wasemao methadoni ni kubadilisha ulevi kwa ulevi, na kuwagawia waraibu sindano safi ni kibali cha kujidunga. Wanasahau kwamba heroini humrudisha mtu kusaka kete kila baada ya saa chache, ilhali methadoni humtosha siku nzima, akaweza kufanya kazi. Hoja ya sindano ni nyepesi zaidi: anayejidunga hakungoja sindano yetu, na VVU vinavyopita katika sindano ya kuchangia haviishii maskani, hufika hadi chumbani kwa mkewe.