KUNGURU WA MAGOGONI

Asubuhi yo yote, mwananchi anayeshuka kwenye kivuko Magogoni hupokewa na kunguru kabla hajapokewa na wachuuzi wa samaki. Wako juu ya mapaa ya soko la Feri, wako Kariakoo penye majalala, na wala hawamwogopi mtu. Tumewazoea hata tukadhani ni wenyeji.

Si wenyeji. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwanzoni mwa miaka ya 1890, chini ya utawala wa Mwingereza, ili ale takataka za mji. Ilipofika mwaka 1917, watawala hao hao walikuwa wamekwisha mtangaza kuwa ni mharibifu. Robo karne ilitosha kugeuza mfagizi kuwa adui. Baadaye akaenea mwambao wote, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, akila mayai na makinda ya ndege wetu na kunyakua vifaranga vya kuku wa wakulima.

Katika miaka ya 1990 Zanzibar iliendesha kampeni kubwa, kunguru wakapungua sana. Kampeni iliposita, wakarudi. Mwaka 2024 jirani zetu wa Kenya walijiwekea lengo la kuwaua milioni moja.

Huko Uholanzi kunguru wawili walifika kwa meli Hoek van Holland mwaka 1994. Nao waliachwa wakazaliana. Lakini serikali ilipoamua kuwaondoa, walikuwa makumi tu. Tofauti ya makumi na milioni ndiyo gharama ya kuchelewa, nasi tunailipa.

Hatupingi sumu wala mitego. Ila sumu inayomwagwa kando ya jalala lililojaa ni kazi bure. Na tuseme ukweli: matumbo ya samaki yaliyotupwa jana Magogoni hayakutupwa na Mwingereza. Halmashauri zina wajibu wa kuyaondoa kabla jua halijachwa.

Kwa ndugu zetu wa visiwa vidogo ambavyo havijavamiwa, nafasi ingalipo. Kunguru husafiri na vyombo vyetu wenyewe. Ofisa wa bandari amwonapo wa kwanza juu ya mlingoti aandike tarehe na kutoa taarifa siku hiyo hiyo, na ajulikane mkubwa wa kuipokea. Wakishakuwa wawili, watajenga kiota.